Dozi ya Sonona: Vidonge Vingapi Vinatosha?

Mgonjwa wa sonona kali akilazwa leo na kuandikiwa kidonge kimoja cha amitriptilini cha miligramu 25 usiku, huenda akalala fofofo. Asubuhi ndugu zake watafurahi kwamba dawa imefanya kazi. Bado. Aliyepatikana ni usingizi tu, kwa kuwa dawa hiyo husinzisha hata ikiwa kidogo. Sonona yenyewe kwa kawaida hudai miligramu 75 hadi 150 kwa siku, na wiki kadhaa za kusubiri.

Basi kwa nini asipewe 150 siku hiyohiyo? Kwa sababu amitriptilini ni ndugu wa imipramini, dawa ambayo Daktari Roland Kuhn aliitangaza mwaka 1957 baada ya kuitumia katika hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, na ukoo huo una makali yake. Hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo, hushusha presha mgonjwa anaposimama na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana dozi hupandishwa hatua kwa hatua, na mzee huanzia chini zaidi. Faida ya wodi inaonekana hapa: muuguzi hupima presha mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na baada ya kumpa dawa humwomba afumbue kinywa aone kama kidonge kimemezwa kweli au kimefichwa chini ya ulimi.

Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ina hesabu tofauti. Miligramu 20 za kuanzia mara nyingi ndizo hizohizo za kutibia. Picha za ubongo zimeonyesha kuwa dawa za kundi lake, kwa dozi ya chini inayotibu, tayari huziba takriban asilimia 80 ya milango inayorudisha serotonini ndani ya seli. Ukiongeza, hakuna nafasi kubwa iliyobaki. Mwaka 2019 Toshi Furukawa na wenzake walikusanya majaribio 77 yenye washiriki zaidi ya 19,000, wakakuta kwamba nafuu hupanda hadi dozi inayolingana na miligramu 20 hadi 40 za fluoksetini, kisha hukwama. Wanaoacha dawa kwa sababu ya maudhi yake, hao huzidi kuongezeka.

Kwa hiyo daktari anayekimbilia kuongeza dozi wiki ya kwanza, ati mgonjwa hajacheka, anakosea sawa na yule anayemwacha kwenye miligramu 25 za amitriptilini mwezi mzima.

Halafu kuna suala la ini. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 ndicho kinachosaidia kuvunja nyingi kati ya dawa hizi, na watu hawakurithi nguvu sawa. Miongoni mwa Waethiopia, watafiti wamekuta wengi wenye nakala za ziada za jeni yake, hivyo dawa huisha haraka mwilini. Kwa Watanzania wamekuta aina ya jeni inayopunguza kasi hiyo ikiwa ya kawaida. Wagonjwa wawili wanaweza kumeza kiasi kilekile, mmoja akabaki na dawa kiduchu katika damu na mwingine akalewa nayo. Hospitali yenye maabara ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu hupata jibu. Isiyo nayo hutegemea macho, presha na kipimo cha umeme wa moyo.

Hatari kubwa huja siku ya kuruhusiwa. Dozi ya miligramu 150 kwa mwezi ni vidonge 180 vya miligramu 25, ndani ya mfuko mmoja, mikononi mwa mtu ambaye majuzi alitaka kufa. Amitriptilini ya wiki moja tu, ikimezwa kwa mkupuo, inaweza kuua. Ni heri apewe ya siku chache na arudi kliniki, hata kama nauli inauma.

Nawe unayemuuguza, tunza dawa hizo mwenyewe, mbali na watoto pia. Akipata nafuu usimruhusu aache ghafla: matibabu huendelea walau miezi 6 baada ya nafuu, kwa kawaida kwa dozi ileile iliyomponya, na anayepunguza ni daktari.