Mama, Heshima Hospitalini Huanzia kwa Msimamizi

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo tunanong'onezana kisimani lakini hatulisemi hospitalini: jinsi tunavyopokelewa.

Mama akifokewa siku ya kliniki, mara nyingi harudi tena. Uchungu ukimshika, hubaki nyumbani. Akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufa kwa saa chache tu, na gari liko mbali. Kwa hiyo neno moja kali laweza kuleta msiba.

Je, kosa ni la muuguzi peke yake? La. Muuguzi aliyekesha peke yake, bila glavu wala maji, uvumilivu humwishia. Lakini msimamizi akipanga zamu vizuri, akihakikisha dawa zipo, akatafuta mtu wa kukufasiria Kisomali, na akapita wodini kuuliza hali za wagonjwa, muuguzi naye hupata moyo wa kukusikiliza. Ndivyo ilivyo katika hospitali za serikali na za binafsi pia. Kulipa pesa peke yake hakununui heshima.

Mwaka 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu haikulaumu wauguzi tu. Ilisema serikali nazo zilishindwa kusimamia huduma, ikaamuru mama huyo alipwe shilingi milioni 2.5.

Basi ukitendewa vibaya, fanya hivi:

1. Kumbuka siku, saa na wodi. Ukiweza, andika.

2. Omba kumwona msimamizi. Nenda na mtu unayemwamini, mweleze kwa utulivu yaliyotokea.

3. Uliza utaratibu wa malalamiko. Sheria ya Afya ya 2017 inataka kila kituo kiubandike mahali pa kuonekana, na mlalamikaji ajibiwe kwa maandishi ndani ya miezi 3.

4. Ukihudumiwa vizuri, mwambie msimamizi pia. Sifa humtia nguvu muuguzi mwema.

Lakini ikiwa ni dharura, tibiwa kwanza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Kumbuka, mama: usiache kliniki kwa sababu ya mtu mmoja. Peleka neno lako kwa msimamizi, kisha urudi.