Ordinateri ya koperative inakataa kuwaka nyuma ya kuongezewa kipande: tufanye nini?



Katika koperative nyingi za kahawa na kakao tunazozifuata kati ya Butembo na Beni, ordinateri iko moja tu. Ndani yake mna kila kitu: majina ya wanamemba, kilo ambazo kila mkulima alileta, makuta aliyokwisha kupokea na yale anayodai, na sasa hata pointi za GPS za mashamba. Siku mashine inakataa kuwaka, si mhasibu peke yake anayeteseka. Mama aliyeshuka na cheri zake toka mlimani anaambiwa arudi juma lijalo.

Miezi hii swali hili linatufikia mara kwa mara, na sababu inajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutunza Windows 10 kama zamani. Kwa hiyo koperative nyingi, kuliko kununua mashine mpya, zinaongeza RAM ao zinaweka disiki ya SSD kwa mashine ya okazioni iliyopitia Kasindi. Ni wazo zuri: bei si kubwa, na mashine inakuwa mwepesi. Lakini fundi akisha kufunga vizuri, mtu anabonyeza, na hakuna kitu.

Tuseme wazi tangu mwanzo: kama mashine ilikuwa inatumika asubuhi na imekataa nyuma ya kazi ya fundi, mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna kitu hakikuingia vizuri, ao waya umesahauliwa, ao mashine haijui itafute Windows kwa disiki gani. Mtu akienda polepole atapata.

Neno la kwanza: mtu asiformati

Fundi wa haraka atawaambia: «Tuformati, itawaka.» Kataeni kwanza. Kuformati ni kufuta. Mashine itawaka kweli, lakini daftari la wanamemba litakuwa limekwenda.

Fikirini pointi za GPS. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka shamba lilipotoka kahawa ao kakao lijulikane. Kwa shamba lisilopita hekta 4, pointi moja inatosha. Wafanyakazi wenu walitembea siku nyingi kuzichukua. Upande wa Beni, kuna mashamba ambayo leo watu hawafiki tena juu ya usalama mdogo. Pointi za kule zikipotea, nani atarudi kuzichukua?

Kabla ya kugusa ndani

Chomoa waya wa umeme, usizime tu. Kisha bonyeza kifungo cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi, ili umeme uliobaki ndani utoke. Gusa chuma cha boksi kwa mkono mbele ya kushika kipande chochote, maana umeme mdogo wa mwili, ule usiousikia hata, unaweza kuharibu RAM. Piga picha ya ndani kwa telefone: kila waya na mahali pake.

Rudisheni kama ilivyokuwa

Hii ndiyo hatua inayosaidia kuliko zote, na watu wengi wanairuka. Toa kile kipya, rudisha kile cha zamani, washa.

Kama inawaka, mashine yenu ni nzima: shida iko kwa kipande kipya ao kwa namna kilivyoingizwa. Kama haiwaki hata hivyo, basi wakati wa kazi kuna kitu kingine kiliguswa, na mara nyingi ni waya. Kama fundi alibadilisha vitu viwili ama vitatu kwa siku moja, rudisheni kimoja kimoja, na kuwasha kila mara.

Sasa angalieni mashine inasema nini

*1. Hakuna taa, hakuna feni, kimya kabisa.* Hapa shida ni umeme. Jaribu kwanza soketi kwa taa ingine ao chaja. Angalia swichi ndogo nyuma ya boksi ya umeme. Mara nyingi fundi aliizima na akasahau. Ndani, hakikisha waya mpana wa umeme umeingia mpaka mwisho kwa kibao kikubwa, na ule mdogo wa karibu na prosesa pia. Mwisho, angalia kijiwaya chembamba kinachotoka kwa kifungo cha mbele. Kinachomoka bure, na kikichomoka kifungo hakifanyi kitu.

Angalisho: mashine zingine za zamani zina kidude chekundu nyuma, kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 220, kwa hiyo lazima kisome 230. Kikiwa kwa 115, boksi ya umeme inaungua palepale.

*2. Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, ama mashine inalia «bip, bip».* Fikirieni RAM kwanza. Itoe, pangusa meno yake ya shaba polepole kwa gome safi ya kufutia karatasi, kunguta vumbi, irudishe. Ina mkato mmoja chini. Ule mkato lazima ulingane na ukingo wa mahali pake. Sukuma pande mbili mpaka vishikizo vifunge na ulisikie «tak». Kama hauingii, usilazimishe: DDR3 na DDR4 haziingiliani, mkato hauko mahali pamoja. Kama ziko mbili, jaribu moja peke yake, kisha ile ingine, kisha badilisha mahali.

Hesabuni pia zile sauti na kuziandika: ni ngapi, ndefu ao fupi. Kila kampuni ina maana yake, na kitabu cha mashine kinaeleza. Na kama mliongeza kadi ya picha, waya wa skrini lazima uchomekwe kwa ile kadi, si tena mahali pa zamani.

*3. Jina la kampuni linaonekana, kisha maneno «No bootable device» ao mengine kama hayo.* Mashine ni nzima, haioni tu Windows. Toa flashi zote zilizochomekwa, maana pengine inajaribu kuwakia pale. Kaza nyaya mbili za disiki, ule wa umeme na ule wa habari. Kisha ingia kwa mipangilio ya mashine: unabonyeza F2, F10, F12 ama Delete mara tu inapowaka, kufuatana na aina. Kama disiki haionekani kwa orodha, ni waya ao disiki. Kama inaonekana, iweke ya kwanza. Kumbukeni pia kwamba SSD mpya inatoka dukani tupu: lazima Windows iwekwe, ama disiki ya zamani inakiliwe juu yake.

Kuna mashine zingine zinazouliza ufunguo wa tarakimu 48 nyuma ya kubadilishiwa kipande. Si kirusi. Disiki imefungwa na BitLocker. Ufunguo unapatikana kwa akaunti ya Microsoft ya yule aliyeanzisha mashine. Ulizeni yule mtu leo, mbele ahame ao aache kazi, na uandikwe kwa karatasi ya kuweka kwa kasha.

Betri ndogo

Ikiwa yote hayo yameshindikana, kuna betri ya duara kwa kibao kikubwa, inaitwa CR2032, ya volti 3. Waya wa umeme ukiwa umechomolewa, itoe dakika 5, irudishe. Mashine inasahau mipangilio mibaya. Lakini inasahau na ile mizuri: saa inarudi nyuma, na namna ya kusoma disiki inaweza kubadilika, Windows ianze na kujizima tena na tena. Kwa hiyo, kama mnaweza kufika kwa mipangilio, pigeni picha kila ukurasa mbele ya kutoa betri. Kwa mashine ya miaka mingi, wekeni betri mpya mara moja.

Malipo hayawezi kungoja?

Toeni disiki ya zamani, ifungwe kwa waya wa kugeuza SATA kuwa USB, ichomekwe kwa ordinateri ya koperative jirani. Mtakopi mafaili na kulipa watu, na mashine itangoja fundi. Windows ikiuliza kama iformati ile disiki, jibu ni hapana. Disiki ikilia «tak-tak-tak», zima na uache, kuendelea kunaiua.

Siku ingine, mbele ya kuongeza kipande

- Kopi mbili za mafaili yote, kwa flashi ama disiki ya inje; moja ilale nyumba ingine, si ofisini.
- Chapisheni orodha ya wanamemba na deni la kila mmoja, rais na mhasibu watie sahihi.
- Kazi isifanyike siku ya kununua ao ya kulipa.
- Kitu kimoja kwa mara moja, mashine ijaribiwe mbele ya fundi kupokea makuta yake.
- Kipande cha zamani kibaki kwa koperative, si kwa fundi, angalau mwezi mzima.
- Mashine ipite kwa stabilizateri, zaidi kama mnatumia grupu. Mvua ya radi ikianza, chomoeni. Mashariki ya Kongo yetu ni kati ya mahali duniani panapopigwa radi nyingi zaidi.

Karatasi hii muikate na kuibandika karibu na mashine. Na kwa kikao kijacho cha komite, ulizeni swali moja: kopi ya mwisho ya mafaili yetu ni ya tarehe gani, na iko kwa nani?