Mkono Mtupu Haulambwi: Motisha na Utunzaji wa Mikoko katika Pwani ya Bagamoyo

Utangulizi

Wengi wetu tuliosoma theolojia tumelelewa katika nchi za milima, ambako kutunza mazingira maana yake ni kupanda miti. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, amejulikana mbali kwa bidii yake ya kuwahimiza watu wa Kilimanjaro wapande miti. Huko, mwenye shamba apandaye mti kwa kawaida ndiye atakayeuvuna, yeye au wanawe. Pwani ya Bagamoyo habari ni nyingine. Mti unaohitaji kutunzwa kuliko yote ni mkoko, nao haumo shambani mwa mtu. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini jambo hilo ni gumu, motisha gani zimejaribiwa, na Neno la Mungu latuelekeza nini.

Mikoko na faida zake

Mikoko ni jina la jumla la miti ipatayo aina kumi inayoota katika matope ya maji ya chumvi. Wavuvi na maseremala wa pwani hutaja kila aina kwa jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msindi, mlilana, mkomafi. Katika Bagamoyo misitu hii husimama penye midomo ya mto Ruvu na mto Wami, na katika vihori vya karibu na mji. Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, kisha huanguka matopeni ikiwa tayari ni mche. Mizizi hushika udongo uletwao na mito, na kati ya mizizi hiyo hujificha kamba na samaki wachanga. Mahali mikoko ilipofyekwa, wimbi hula ufuko, na mvuvi hurudi na kapu jepesi.

Lakini mkoko ukikatwa nao una faida, tena ya leo leo. Ni boriti ya kuezekea, na zamani majahazi yalizipeleka boriti hizo mpaka Arabuni. Ni mataruma ya chombo, ni kuni ya kuchemshia chumvi, ni mkaa. Hata chumvi ikaushwayo kwa jua huhitaji mabwawa, na ili kuyapata, mara nyingi mikoko hufyekwa kwanza.

Sheria na upungufu wake

Ulinzi wa mikoko kisheria ulianza siku za utawala wa Wajerumani, na mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa usimamizi ulioandaliwa na Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpango huo uliigawa misitu katika sehemu nne: ya kuachwa kabisa, ya kuvunwa kwa kiasi, ya kurudishiwa uoto, na ya kutumika kwa maendeleo. Hekima yake ni kwamba ulikubali kuwa watu wataendelea kuhitaji boriti.

Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia mbili za kuwashirikisha wananchi. Kijiji chenye msitu katika ardhi yake chaweza kuutangaza kuwa hifadhi ya kijiji, na mapato yake yakawa ya kijiji. Penye hifadhi ya serikali, kijiji huingia mkataba wa kusaidia kuilinda. Mikoko imo katika njia hii ya pili, na huko suala la nani apate mgawo gani lilibaki bila jibu kwa miaka mingi. Basi tazameni hali ya mwanakijiji. Akikata, apata fedha jioni. Akijizuia, hapati kitu. Na samaki watakaozaliana kwa ajili ya subira yake watavuliwa na wote, hata na yule aliyekata. Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi.

Motisha zilizojaribiwa

Njia ya kwanza ni kazi mbadala. Katika kijiji cha Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, kilimo cha mwani kimewapa wanawake fedha iliyo yao wenyewe. Hata hivyo njia hii ina mipaka. Bei huamuliwa na wanunuzi wa mbali, na aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi hufa bahari inapozidi joto. Tena mwani huhitaji vigingi, na kigingi nacho ni mti uliokatwa mahali fulani.

Njia ya pili ni malipo kwa ajili ya msitu uliosimama. Mikoko huhifadhi kaboni nyingi, hasa katika matope yaliyo chini yake. Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hati za kaboni tangu mwaka 2013 kutokana na msitu wa hekta zipatazo 117. Fedha hizo zimetumika kwa maji na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Tanzania nayo ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Hapa kuna tumaini, na pia kuna la kuuliza: mkataba husomwa kwa lugha gani, ni wa miaka mingapi, na mama aliyezoea kuokota kuni na kaa humo ataelekea wapi?

Neno la Mungu

Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu hupewa kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza. Anayeambiwa atunze bila kupata riziki amepewa nusu ya agizo. Torati yakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka (Kum. 25:4), na Mtume Paulo alitumia neno hilo kutetea haki ya wahubiri (1 Kor. 9:9-10). Sisi watumishi huukumbuka mstari huu upesi tunapozungumzia posho zetu. Na tuukumbuke pia kwa ajili ya mlinzi wa mikoko.

Yawezekana mtu aulize: je, kumlipa mtu ili atende mema si kumhonga? Mlutheri anapaswa kupambanua. Mbele za Mungu hakuna tendo linunualo neema. Lakini jirani yangu anahitaji mkate, na Luther, alipoeleza amri ya saba katika Katekisimu Ndogo, alifundisha kwamba haitoshi kutomwibia jirani. Yatupasa tumsaidie alinde na kustawisha mali yake na riziki yake. Mgawo wa haki ni sehemu ya amri hiyo. Hata hivyo motisha peke yake haitoshi, kwa maana bei ikianguka, aliyelinda kwa ajili ya fedha tu ataichukua tena panga. Hapo ndipo mafundisho ya Kanisa yana kazi.

Wajibu wa sharika

Kwanza, tuulize boriti za majengo yetu na mkaa wa majiko yetu vimetoka wapi. Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa; vyuo na shule zetu zimo humo. Pili, mkataba wa msitu unapoletwa kijijini, mchungaji awasaidie watu kuuelewa kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaamua, akishirikiana na masheikh, kwa kuwa wenyeji wengi wa Bagamoyo ni Waislamu. Tatu, upandaji ufanywe kwa maarifa. Miche mingi hufa kwa sababu imepandwa mahali ambapo mikoko haikuwapo tangu awali. Penye bwawa la chumvi lililoachwa, kuvunja kingo ili maji yaingie na kutoka kwaweza kufaa kuliko kupanda, maana bahari yenyewe italeta mbegu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwapeleka vijana wa Kipaimara matopeni, mchungaji na akae kwanza na wavuvi. Awaulize maji hupita wapi, ni aina gani iliyoota hapo zamani, nani atakayeilinda miche hiyo wageni wakiisha kuondoka, na mlinzi huyo atakula nini.