Gulwe: Anayetafuta Kazi Ndiye Mteja

Wakati reli ya kisasa inajengwa kati ya Morogoro na Makutupora, njia ya kilomita 422 ukijumlisha na za kupishania, kijana wa Gulwe hakuhitaji intaneti ili apate kibarua. Aliamka alfajiri, akaenda kusimama na wenzake kwenye geti la mkandarasi hadi msimamizi atoke kuchagua watu wa siku hiyo: saidia fundi, wafunga nondo, walinzi, madereva. Aliyekosa alirudi nyumbani, kesho yake akajaribu tena. Utaratibu ulikuwa mgumu, lakini geti lilionekana, msimamizi alionekana na kazi yenyewe ilionekana.

Julai 2024 treni za abiria zilianza kufika Dodoma, na Gulwe, kata ya Wilaya ya Mpwapwa yenye stesheni tangu reli ya Wajerumani, ikapata stesheni ya pili. Vibarua vya ujenzi vikaisha pamoja na ujenzi wenyewe. Shirika la Reli Tanzania linapotaka watumishi wa kudumu, tangazo hutolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na maombi hupokelewa kwenye mfumo wa Ajira Portal. Kwa hiyo hata anayesikia honi ya treni akiwa kitandani anaiomba kazi ya reli kwa mlango uleule anaoutumia mtu wa Bukoba au Newala. Kwa upande wa haki hilo ni jambo jema, maana mtoto wa mkulima wa karanga hahitaji kumjua mkubwa yeyote ili jina lake liingie kwenye orodha. Ila pembeni ya mlango huo limeota soko zima, na mteja wake mkuu ni mtu ambaye bado hana kipato.

Ukubwa wa soko hilo unatokana na idadi ya watu wanaosubiri. Mwaka 2014 zaidi ya watu 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, na picha za majukwaa yaliyojaa zikaishtua nchi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000, takriban watu 85 kwa kila kiti. Safari hii, katika hatua ya kuomba, hapakuwa na picha ya uwanja, kwa kuwa maombi yalipita mtandaoni. Msongamano ulibaki palepale, ila sasa kila mwombaji yuko peke yake na simu yake, na anayetaka kumuuzia kitu anamfikia mmoja mmoja.

Tufuate shilingi inakokwenda. Ya kwanza hununua bando. Ya pili huenda kwa wakili, kwa sababu mfumo wa serikali unataka vyeti vyenye muhuri wa mwanasheria, na kwa mtu wa Gulwe hiyo mara nyingi ni nauli ya kwenda Mpwapwa mjini au Dodoma kabla hata ya ada ya muhuri. Ya tatu huenda steshenari.

Steshenari ndiyo ofisi ya ajira ya Watanzania wengi, na inastahili heshima kuliko inayopewa. Pale ndipo barua inachapwa na kusainiwa, vyeti vinaskaniwa, faili kubwa linapunguzwa mpaka mfumo ulikubali, akaunti inafunguliwa na maombi yanatumwa. Kijana mwenye simu ndogo anapata kompyuta, na mama aliyesomea ualimu miaka mingi nyuma anapata wa kumwongoza. Kwa malipo ya shilingi elfu chache, ni huduma yenye thamani.

Tatizo linazaliwa kwenye haraka. Foleni ni ndefu, tarehe ya mwisho ni leo, mtandao unasuasua. Mhudumu anafungua akaunti kwa barua pepe aliyoitengeneza yeye, anaweka nenosiri analolijua yeye, pengine hata namba ya simu anaweka ya dukani ili ujumbe wa uthibitisho usichelewe. Mteja analipa, anaondoka na furaha kwamba "maombi yameenda". Hajui kwamba ameacha ufunguo wa maisha yake ya ajira kwenye droo ya duka la watu. Duka likifungwa, mhudumu akihama au akisahau, akaunti imekufa. Kufungua nyingine si rahisi, kwa kuwa usajili umefungwa na namba ya kitambulisho cha taifa, na namba hiyo kila mtu anayo moja.

Kwa maoni yangu, hasara hii imewaangusha watafuta ajira wengi ambao hawatajitokeza kwenye takwimu za utapeli wowote, kwa sababu hakuna aliyewaibia. Dawa yake ni ya dakika chache: barua pepe ifunguliwe kwenye simu ya mwombaji mwenyewe kabla hajafika steshenari, nenosiri aliandike yeye kwa mkono wake na kulihifadhi nyumbani, na vyeti vilivyoskaniwa avitume kwenye barua pepe yake kisha asimamie vikifutwa kwenye kompyuta ya duka. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika.

Kosa la pili la haraka liko kwenye viambatanisho. Matangazo ya Sekretarieti husema kwa maneno yaleyale kila mara: hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, vinatakiwa vyeti vyenyewe, aliyesoma nje ahakikishe vyeti vyake vimehakikiwa na mamlaka za ndani, majina yakitofautiana, iwepo hati ya kisheria inayoyaunganisha. Ukali huu una historia, na historia yenyewe ilitokea hapahapa mkoani Dodoma. Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyoonyesha watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo hakuna ofisa anayetaka kulaumiwa kwa kupitisha karatasi yenye shaka. Mwombaji ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema jina moja na kitambulisho cha taifa kinasema jingine asisubiri tangazo litoke ndipo aanze kurekebisha. Marekebisho hayo yanataka muda, na tangazo halimsubiri mtu.

Kati ya mwajiri na mwombaji kuna tovuti za ajira. Zipo za kitaalamu, kama LinkedIn, ambako makampuni binafsi hutangaza na wakati mwingine kupokea maombi moja kwa moja. Zipo pia blogu nyingi, magurupu ya WhatsApp na chaneli za Telegram zinazonakili matangazo ya serikali na ya magazeti na kuyasambaza. Nyingi ya hizi zinaishi kwa matangazo ya biashara: kadiri unavyobonyeza kurasa nyingi, ndivyo mwenye blogu anavyolipwa. Ndiyo sababu neno "bonyeza hapa kuomba" linakupeleka ukurasa mwingine, kisha mwingine, kisha unarudi ulikoanzia. Huo si wizi, na wengi wamepata habari za kazi kwa njia hiyo. Lakini tangazo lililonakiliwa mara nne hupoteza tarehe ya mwisho, hupoteza sifa moja muhimu, au huongezewa namba ya simu ambayo haikuwemo. Kanuni yangu ni kwamba kwenye gurupu unapata habari, na maombi unayapeleka kwenye chanzo. Ukiona kazi ya serikali, funga gurupu, andika mwenyewe anwani ya taasisi na ulitafute tangazo humo. Anwani zinazoishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali pekee. Macho yaangalie mwisho wa anwani. Maneno "ajira" na "go" na "tz" yakipangwa kwa vistari kisha yakafuatwa na .com, hiyo ni anwani ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuinunua.

Sasa tuje kwa wezi wenyewe. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Utapeli wa ajira ni ndugu wa ujumbe huo, ila umevaa suti. Unakuja na nembo ya shirika linalojulikana, mshahara unaozidi kawaida ya kada hiyo, na habari kwamba umeshachaguliwa, hata kama hukuomba. Kisha yanafuata malipo kwa hatua: ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare, ya mafunzo, ya "kumweka sawa" mtu wa utumishi. Kila hatua ni kiasi kidogo ambacho kaka au shangazi anaweza kukuchangia, na kila uliyolipa inafanya iwe vigumu kukataa inayofuata, kwa sababu kukataa ni kukiri kwamba zilizotangulia zimepotea. Siku moja namba haipatikani.

Hapa msimamo hauna haja ya kupambwa. Sekretarieti ya Ajira haitozi mwombaji ada. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika kifungu cha 7, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi, moja kwa moja wala kwa mzunguko. Anayelipa ni mwajiri anayetafutiwa mtu. Gharama halali za mwombaji zipo, nazo ni nauli, malazi na chakula, kwa kuwa barua za kuitwa kwenye usaili wa serikali husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia. Kwa fedha hizo anailipa treni, anailipa gesti, anamlipa mama lishe. Mwajiri au "mtu wa mwajiri" akiomba kutumiwa pesa kwa simu, mazungumzo yaishie hapo.

Wapo wanaouza kazi isiyokuwepo kabisa. Mapema mwaka 2025 polisi na Benki Kuu waliingilia kati sakata la LBL, mpango wa mtandaoni ambao watu walilipa kiingilio ili walipwe kwa kutazama video fupi za matangazo. Ulivutia kwa sababu ulifanana na ajira: una saa zako, una kazi ya kufanya, una malipo ya kila siku. Swali la kiuchumi lilitosha kuufunua: nani ananunua jasho la mtu anayebonyeza video, na kwa nini mfanyakazi ndiye aanze kutoa mtaji? Panapokosekana mnunuzi wa nje, wanaoingia leo ndio wanaowalipa walioingia jana.

Kazi za nje ya nchi zinadai uangalifu mkubwa zaidi, kwani kinachopotea huko chaweza kuwa mwili wenyewe. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wasichana wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara pungufu ya iliyoahidiwa. Miaka ya karibuni Wakenya na Waganda wamekuwa miongoni mwa walioitwa Thailand kwa kazi za ofisini walizoziona mtandaoni, wakavushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kuwatapeli watu wengine kwa kompyuta, chini ya ulinzi wa bunduki. Mzazi wa Gulwe ambaye binti yake ameonyeshwa tiketi ya ndege na mtu wa Facebook ana haki ya kuuliza maswali magumu: mkataba uko wapi, umepitia Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, au haukupitia, mwajiri ni nani kwa jina na anwani, na ubalozi wetu unajua? Asiyeweza kujibu asipewe mtoto.

Kwa kazi za kampuni binafsi za ndani, uhakiki ni mwepesi zaidi. Jina la kampuni linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ofisi ina anwani unayoweza kumtuma ndugu akaitazame. Mwajiri wa kweli anakuuliza umefanya nini na unaweza nini. Tapeli anakuuliza namba ya kitambulisho cha taifa, picha yake ya mbele na nyuma, na namba ya siri iliyoingia sasa hivi kwenye simu yako. Namba ya kitambulisho, yaani ya NIDA, ina tarakimu 20 na zinaanza na tarehe yako ya kuzaliwa, hivyo kuitoa ovyo ni kutoa zaidi ya unavyodhani. Ukishaitoa, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Kama pesa imetoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, kabla haijatolewa kwa wakala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zipo na zina meno, lakini zinahitaji ushahidi, kwa hiyo usifute ujumbe kwa hasira.

Nirudi kwenye akaunti, kwa sababu thamani yake inaonekana zaidi baada ya maombi kutumwa. Aliyeitwa kwenye usaili huchukua humo namba yake ya mtihani. Asiyeitwa huona humo sababu: cheti hakina muhuri, barua haikusainiwa, sifa hazilingani na kada. Wengi hawafiki kusoma sababu hiyo. Wanasema "wameshapeana" na kuomba tena kwa makosa yaleyale. Mkoa unakoishi nao unajazwa humo, na kwa usaili unaofanyika mikoani ndio unaoamua utakaa chumba gani: aliyehama Gulwe kwenda Mwanza bila kubadili anwani ataitwa Dodoma. Aliyefaulu lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi nyingine ya kada yake ikitokea anaweza kupangiwa bila usaili mpya. Jina lake likitangazwa kwenye orodha ya kuitwa kazini, atapewa siku chache za kuripoti na vyeti halisi, na simu itapigwa, kama itapigwa, kwenye namba ile aliyoijaza siku ya kwanza pale steshenari.