Mzigo wa mfanyakazi nao unapimika

MFANYABIASHARA wa maharage mjini Kasulu hanunui gunia kwa kulitazama tu. Huliweka kwenye mizani, huchota punje chache akaangalia kama zimekauka, ndipo anataja bei. Lakini mwulize kijana anayemtunzia ghala amelemewa kiasi gani na kazi, na jibu litakuwa la kukisia: "Huyo hana shida."

Wiki hii tunaacha kidogo bei za mazao ili tutazame gharama ambayo haimo katika madaftari mengi ya biashara, nayo ni msongo wa mawazo kazini.

Kibondo na Kasulu ni masoko yanayotikiswa na maamuzi yanayofanywa mbali na soko. Wakimbizi wa Burundi waliingia kwa wingi mwaka 1993, na mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na ile ya Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015. Mwaka 2018 na 2019 biashara za kambini ziliwekewa vizuizi vikali. Kila badiliko la namna hiyo humfanya tajiri ahofie mtaji wake. Muuzaji wake naye hujiuliza kama mwezi ujao atakuwa na kazi.

Je, hofu hiyo inapimwaje? Mwaka 1979, Robert Karasek wa Marekani alieleza kuwa kazi inayomchosha mtu zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mwenyewe hana kauli juu ya namna ya kuifanya. Mwaka 1996, Johannes Siegrist wa Ujerumani aliongeza kipimo kingine: jasho linalotoka likilinganishwa na malipo, heshima na uhakika wa ajira. Nchini Uingereza, mamlaka ya usalama kazini ilitoa mwaka 2004 utaratibu wenye maeneo 6, yakiwemo wingi wa kazi, msaada, uhusiano na namna mabadiliko yanavyotangazwa. Fomu yake ina maswali 35.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vipimo hivi huuliza zaidi habari za kazi kuliko habari za moyo wa mtu. Kinachopimwa ni kazi, wala si uimara wa mfanyakazi.

Kwa duka lenye watu watatu, fomu ya maswali haitasaidia sana. Tajiri atautambua mwandiko, na wote wataandika kwamba mambo ni mazuri. Njia nafuu ni daftari. Kila wiki andika mambo manne: saa alizofanya kila mtu, siku ambazo hakufika, upungufu wa fedha au mali, na walioacha kazi. Baada ya miezi mitatu daftari litaanza kusema.

Tuchukue mfano. Muuzaji anafungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 2 usiku, siku 7 kwa wiki. Ukitoa saa moja ya chakula kila siku, zinabaki saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki. Saa za ziada, ambazo hulipwa mara moja na nusu, haziruhusiwi kuzidi 50 katika wiki nne, yaani wastani wa 12.5 kwa wiki. Kwa hiyo kikomo ni saa 57.5, na huyu amezidisha saa 26.5. Hapo huhitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam kukueleza kwa nini anakosea kuhesabu chenji jioni.

Upungufu nao una mtego wake. Matajiri wengi hukata mshahara papo hapo. Sheria hiyo inataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mtunza ghala anayekatwa bila maelezo hufanya kazi kwa woga. Mwenye woga huficha kosa dogo hadi likawa kubwa, na hasara humrudia tajiri yule yule.

Hata mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa katika nyumba ya wageni au mashine ya kusaga asiridhike na hesabu za mauzo pekee. Aulize ni wafanyakazi wangapi wameondoka katika mwaka mmoja, na kwa nini. Biashara inayobadilisha muuzaji kila mara hulipia mafunzo upya, na wateja huondoka pamoja na waliowazoea.

Dawa zake si ghali: siku moja ya kupumzika kila wiki, zamu inayojulikana mapema, na tajiri kusema ukweli pale soko linapoyumba. Mfanyakazi aliyeambiwa mapema kuwa mwezi ujao utakuwa mgumu hujipanga. Asiyeambiwa huanza kutafuta kazi kwingine, na mara nyingi huyo wa kwanza kuondoka ndiye uliyemtegemea.