Hema Kando ya Maji Miguuni mwa Kilimanjaro

Katika mitelemko ya chini ya Mlima Kilimanjaro, pale migomba na mibuni ya Wachaga inapokoma na nyika kuanza, kuna maji mengi kuliko mtu anavyoweza kutarajia akiitazama nchi yenyewe ilivyo kavu: Ziwa Chala lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, Ziwa Jipe lililo kusini yake karibu na Milima ya Upare, mto Lumi unaopita Taveta, na chemchemi ya Chemka iliyoko wilayani Hai. Watu huja kupiga kambi kando ya maji hayo, na kambi zenyewe ni za namna mbili. Ya kawaida ni ile ambayo msafiri hubeba hema lake mwenyewe, hulisimika kwa vigingi na kamba juu ya ardhi tupu, hulala juu ya mkeka wa sponji na hujipikia kwa jiko dogo la gesi. Ya kifahari, ambayo siku hizi huitwa pia glampingi, ni ile ambayo mgeni hukuta hema kubwa la turubai zito limekwisha kusimamishwa juu ya jukwaa la mbao, lina kitanda na shuka, taa za umeme wa jua, na kwa nyuma choo na bafu lenye maji ya moto. Tofauti ya bei baina ya hizo mbili ni kubwa, lakini ardhi inayozibeba ni moja, na uzuri wa kambi yoyote hupimwa kwanza kwa mahali ilipowekwa na kwa namna inavyoyatendea maji yaliyowavuta watu kufika hapo.

Asili ya maji hayo inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoamua karibu kila jambo linaloihusu kambi. Wengi hudhani kwamba chemchemi za nyanda za chini ni barafu ya kilele cha Kibo iliyoyeyuka, ilhali mchango wa barafu ni mdogo sana. Sehemu kubwa ya maji hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu unaouzunguka mlima, hasa upande wa kusini. Kilimanjaro ni volkano, na miamba yake, iliyotokana na lava iliyopoa pamoja na majivu yaliyotulia, imejaa nyufa na matundu madogo, kiasi kwamba maji ya mvua huzama, husafiri chini ya ardhi, kisha huibuka tena chini, kwenye nyufa za miamba, yakiwa safi na yenye rangi ya samawati kama yanavyoonekana pale Chemka, ambako watu huyaita maji moto ingawa kwa kweli ni vuguvugu tu.

Ziwa Chala ni mfano bora wa safari hiyo ya maji. Ni ziwa la kasoko, yaani lililojikusanya ndani ya shimo la volkano, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 4 na kina cha takriban mita 90, katika mwinuko wa mita 880 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna mto wa kudumu unaoingia wala unaotoka. Maji hupita chini kwa chini, na kwa kuwa kuta za kasoko zina mteremko mkali, mtu anayekuja kwa miguu halioni ziwa mpaka afike ukingoni kabisa. Matope ya chini yake yametulia kwa utaratibu uliowawezesha wanasayansi kuchimba mwaka 2016 nguzo ya tabaka zenye urefu wa zaidi ya mita 200, ambazo ndani yake husomwa habari za mvua na ukame wa maelfu mengi ya miaka. Humo pia anaishi perege wa Chala, samaki ambaye asili yake ni ziwa hili peke yake, na ambaye sasa yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kambi zilizojengwa juu ya ukingo, mbali na maji, zimewekwa mahali panapofaa, kwa kuwa huko juu mgeni huyaona maji yote kwa mara moja, na mamba pia huwa mbali naye. Tahadhari hiyo si ya bure: mwaka 2002 msichana mgeni aliyekuwa akiogelea ziwani humo aliuawa na mamba.

Kupiga kambi katika nchi hii hakukuletwa na utalii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Mombasa na pwani yote ilipumzika Taveta, ndani ya msitu wa mto Lumi, kwa sababu palikuwa na maji, kivuli, ndizi na usalama baada ya siku nyingi za nyika isiyo na tone la maji. Wasafiri wa Ulaya walipita hapo, Joseph Thomson mwaka 1883, Teleki na Höhnel mwaka 1887, na majina yao ndiyo yaliyobaki vitabuni. Lakini waliojua mahali pa kutua mizigo, mti wa kufungia kamba na kuni zisizotoa moshi mwingi walikuwa wapagazi wao wa pwani na wa bara, na ni haki yao kuhesabiwa ujuzi huo.

Msafara ulikaa ukaondoka, bali kambi ya kifahari hukaa mwaka mzima, na hapo ndipo penye uzito. Chukua bafu moja tu: maji huchemshwa kwa pipa lililowekwa juu ya moto wa kuni au kwa joto la jua, hupandishwa kwenye ndoo ya turubai iliyoning'inizwa juu, mgeni hufungua koki, na baada ya dakika chache yale maji, pamoja na sabuni, yamekwisha kupita kwenye mbao za sakafu. Yakizidishwa kwa mahema yote ya kambi, pamoja na vyoo vya kuvuta na jikoni, hayo si maji machache. Miamba ile ile iliyoyachuja maji ya mvua haiwezi kuaminiwa kuyachuja haya, kwa maana nyufa zinazopitisha maji safi kwa wepesi hupitisha uchafu kwa wepesi huo huo, na shimo la choo lililochimbwa ovyo juu ya chemchemi huweza kuichafua kabla mtu yeyote hajanusa harufu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya maji hayo. Jukwaa la mbao lenye bomba na shimo la maji machafu ni jengo, hata kama juu yake pana turubai, na hoja kwamba hema linaweza kuondolewa wakati wowote haipaswi kukubaliwa kwa urahisi. Mwenye hema la kubeba naye anafungwa na kipimo hicho hicho kwa busara: choo chake ni kishimo cha kina cha shubiri moja hivi, umbali wa hatua zisizopungua 70 kutoka majini, na vyombo vyake huoshwa kwa maji yaliyotekwa na kupelekwa kando, wala si ndani ya mto.

Umbali huo humlinda pia mgeni mwenyewe. Mto wa miguuni mwa mlima huweza kujaa wakati anga la kambini ni jeupe, kwa kuwa mvua imenyesha juu, mbali na macho. Aprili 2012 vijana saba walikufa katika korongo la Hell's Gate nchini Kenya baada ya maji kushuka kwa ghafla, na mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulifurika ukazamisha kambi kadhaa za Maasai Mara, wageni wakaokolewa kwa helikopta. Mahema yaliyozama huko yalikuwa na vitanda vizuri. Kabla ya kukubali mahali, inafaa kutazama miti ya ukingoni: nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi huonyesha maji yalipofika mara ya mwisho, na hema halina budi kuwa juu ya alama hiyo.

Usiku nao una kanuni zake. Hewa baridi ni nzito, hivyo jua likitua huteremka kutoka mlimani na kujikusanya mabondeni, na hema lililosimikwa mita chache juu ya bonde huwa na joto zaidi kuliko lililo chini kabisa. Wanaolala wakiwa wamefunga madirisha yote huamka na matone juu ya kitambaa wakidhani kwamba hema linavuja, kumbe ni pumzi yao wenyewe iliyopoa ikawa maji. Dawa ni kuacha wavu wa juu wazi hata kama kuna baridi.

Kuhusu afya, chandarua ni lazima, kwani mwinuko wa Chala au Jipe haumzuii mbu wa malaria, na maji yaliyotuama penye matete, wanapokaa konokono wanaoeneza kichocho, si ya kuogea. Huko Jipe kuna viboko pia, na njia pana iliyokanyagwa kutoka majini hadi malishoni ni yao; hema halipaswi kuizuia.

Maji yanayopita Chemka huingia mto Kikuletwa, na yale yanayotoka Jipe hufuata mto Ruvu. Mito hiyo miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea kwa jina la Pangani, ikimwagilia mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale hadi kufika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mgeni anayelipia hema la kifahari ana haki ya kuuliza, kabla ya kutoa fedha, maji ya choo yanakwenda wapi, shimo liko umbali gani kutoka mtoni, na kijiji kinachoishi jirani na kambi kinapata nini. Mwenye kambi anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo, bali atampeleka mgeni nyuma ya mahema na kumwonyesha tangi lilipo.