Malipo hayaonekani? Kumbukumbu za wingu zina jibu

MTEJA akilipia gunia la ndengu kwa M-Pesa katika soko la Katangi, eneobunge la Yatta, Kaunti ya Machakos, hutarajia muuzaji aone malipo hayo papo hapo. Iwapo muuzaji anatumia programu ya kuweka hesabu na malipo hayaonekani humo, ubishi huzuka. Mteja hushikilia kwamba amelipa, naye muuzaji hushikilia kwamba hajaona kitu.

Jibu la ubishi huo linaweza kupatikana katika kumbukumbu za mtambo ulio maelfu ya kilomita kutoka Yatta, na aliyeunda programu anaweza kuzisoma kwa kuandika mstari mmoja tu.

Safaricom ilianzisha M-Pesa mnamo Machi 2007. Kupitia mfumo wake wa Daraja, biashara huweza kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Mteja akilipa au akikataa, Daraja hutuma taarifa kwa anwani ya intaneti iliyosajiliwa na mwenye programu.

Anayeipokea taarifa hiyo anaweza kuwa funksheni ya wingu, yaani programu ndogo ambayo huamka inapoitwa, hufanya kazi yake kwa muda mfupi, kisha hulala. Kwa kuwa haina tarakilishi yake maalumu ambayo mtu angeifungua na kuikagua, nyayo zake hubaki katika kumbukumbu.

Kwa wanaotumia wingu la Google, amri ya kuzisoma ni hii, ikiwa funksheni imepewa jina "malipo":

gcloud functions logs read malipo --region=europe-west1 --limit=50

Amri hiyo huleta mistari 50 ya karibuni. Kwa wanaotumia Lambda ya Amazon, iliyozinduliwa mwaka wa 2014, amri ni:

aws logs tail /aws/lambda/malipo --since 1h --follow

Hii huonyesha yaliyotukia katika saa moja iliyopita, kisha huendelea kuonyesha mapya yanapoingia. Kwa vile maandishi matupu ni mepesi kuliko kurasa za intaneti, njia hii hufaa pale mtandao ulipo dhaifu.

Matokeo huwa ya aina tatu. Kwanza, taarifa ilifika na funksheni ikaandika jibu la Daraja. Nambari 0 humaanisha malipo yamekamilika, hivyo hitilafu itafutwe katika programu ya hesabu. Nambari 1032 humaanisha ombi lilikatizwa na mteja. Pili, kuna mstari wa kosa: funksheni iliamka lakini ikakwama. Tatu, hakuna mstari wowote, jambo linaloashiria kwamba taarifa haikufika. Hapo anwani iliyopewa Daraja ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Hata hivyo, anayekosa kuona mstari asiharakishe kutoa hukumu, kwani saa huwahadaa wengi. Amri ya Google huonyesha saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Malipo ya saa sita mchana Katangi, yaani 12:00, huandikwa 09:00. Ya saa nane usiku, yaani 02:00, huandikwa 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Anayetafuta 12:00 hatapata kitu, na anaweza kumwita mteja mwaminifu mwongo.

Muda pia una kikomo. Google huhifadhi kumbukumbu za kawaida kwa siku 30, mwenyewe asipobadilisha mpangilio huo. Amazon nayo huzihifadhi hadi mwenyewe atakapoweka kikomo, na uhifadhi huo hutozwa ada. Malalamiko yanayoletwa baada ya miezi miwili huenda yakakuta ushahidi umeshafutika.

Isitoshe, si kila jambo linafaa kuandikwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huwataka wanaoshughulikia data za watu kuzilinda na kutokusanya zaidi ya zinazohitajika. Nambari ya risiti ya M-Pesa yatosha kuyatambua malipo, bila kuanika jina wala nambari ya simu ya mteja.

Kwa hivyo, muuzaji anapoletewa malalamiko, amwombe mteja nambari ya risiti na saa aliyolipa. Kwa mambo hayo mawili, mtaalamu ataweza kuutafuta mstari unaohusika na kuumaliza ubishi.